Paka Anapokataa Choo Kinachojisafisha: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Choo cha paka kinachojisafisha ni mashine yenye kazi moja: paka akishatoka, husubiri kwa muda uliopangwa, kisha huyatenga mabonge ya mkojo na kinyesi na kuyaangusha kwenye droo iliyofunikwa, mchanga safi ukabaki. Baadhi hutumia reki inayopita juu ya mchanga, na nyingine ni pipa linalojizungusha lote na kuuchekecha mchanga kwenye wavu. Mwenye paka hupunguziwa kazi ya kuchota kila siku. Kwa paka mwenyewe, mambo mengi hubadilika kwa mpigo mmoja: umbo la choo, urefu wa mlango, harufu, sauti, pengine hata mchanga, na juu ya yote hayo choo sasa kinajiendesha chenyewe. Ndiyo maana kusema tu kwamba “amekataa” hakutoshi. Mara nyingi anachokikataa ni kitu kimoja au viwili katika mashine hiyo, na njia ya kukijua ni kuangalia kwa makini anaishia wapi na anaacha uchafu wapi.

Kwanza, hakikisha hana maradhi

Kuna dalili ambazo ukiziona hupaswi kuendelea kusoma mwongozo huu kabla ya kumpigia simu daktari wa mifugo. Paka anayeingia na kutoka chooni mara nyingi ndani ya saa chache, anayechuchumaa kwa muda mrefu akatoa matone tu au asitoe kitu, anayelia akiwa amechuchumaa, anayejilamba sehemu za siri bila kukoma, au ambaye mkojo wake una damu, huenda ana tatizo la njia ya mkojo, na si suala la kukataa mashine tu. Kwa paka dume hii ni dharura kwa maana kamili ya neno. Mrija wake wa mkojo ni mwembamba na unaweza kuzibwa kabisa na fuwele au ute; mkojo ukishindwa kutoka, taka zilizopaswa kutoka nao hurudi kwenye damu, potasiamu hupanda, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Maradhi mengine huja polepole. Ugonjwa wa figo, kisukari na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humfanya paka anywe maji mengi na kukojoa mkojo mwingi, na choo kilichomtosha jana leo hakimtoshi. Paka aliyesikia maumivu wakati wa kukojoa au kunya huyahusisha maumivu hayo na mahali alipokuwa amesimama, kisha hupahama. Tena kuna uvimbe wa kibofu usiotokana na vijidudu, ambao huchochewa na msongo wa mawazo, na kubadilishiwa choo kwa ghafla ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumpa paka msongo huo. Kwa hiyo haraka ya mwenye paka inaweza yenyewe kumtia paka ugonjwani, na baadaye akaonekana mkaidi.

Mashine hizi zina kasoro moja ambayo watu hawaifikirii: huondoa ushahidi. Kwa choo cha kawaida, kila unapochota unaona mabonge ni mangapi, ni makubwa kiasi gani, kinyesi ni kigumu au cha majimaji. Mashine huvificha vyote kwenye droo. Katika mwezi wa kwanza, fungua droo kila siku uangalie, hata kama haijajaa. Ikiwa mashine yako hutuma kumbukumbu za uzito na idadi ya ziara kwenye programu ya simu, zisome pia, kwa sababu ziara zinazoongezeka ghafla huonekana hapo kabla hujamwona paka akihangaika.

Hasogei kabisa karibu na mashine

Hapa chanzo kwa kawaida si paka, ni namna mashine ilivyoletwa. Kosa ninaloliona kuliko mengine yote ni kukiondoa choo cha zamani siku ile ile na kuiweka mashine mahali pake, ikiwa imewashwa. Paka anarudi anakuta mahali alipopazoea pana kitu kikubwa chenye harufu ya plastiki mpya, na anakwenda kujisaidia kwenye zulia kwa kuwa hana pengine pa kwenda.

Rudisha choo cha zamani mahali pake, kiwe safi kama kawaida, na uiweke mashine kando yake ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Isafishe kwa kitambaa chenye maji bila sabuni ya manukato. Weka mchanga ndani, kisha uchote bonge moja la mkojo na kipande cha kinyesi kutoka choo cha zamani uvitie juu yake, ili harufu imwambie kwamba hapa ni chooni na ni pake. Usimbebe ukamtia ndani. Paka aliyelazimishwa kuingia hujifunza kwamba mashine ni mahali pa kukamatiwa, na somo hilo huchukua muda mrefu kufutika.

Kama baada ya siku nne au tano bado anapita mbali, fikiria sauti na mahali. Binadamu husikia sauti za hadi takriban kilohezi 20, ilhali paka huzisikia za kilohezi 60 na zaidi, hivyo mlio mwembamba wa kifaa cha umeme ambao wewe huusikii unaweza kumkera hata mashine ikiwa imetulia. Kipimo chake ni rahisi: akiingia siku mashine ilipochomolewa kwenye soketi na akakataa siku ilipochomekwa, umeme ndio tatizo, iwe ni mlio au taa zake ndogo. Kuhusu mahali, choo kisikae karibu na bakuli la chakula, kando ya mashine ya kufulia, wala kwenye kona ambayo paka akiwa ndani hana njia ya kutokea.

Hunusa, huingia, kisha hutoka bila kujisaidia

Mtazame miguu. Paka anayekung'uta mguu mmoja baada ya mwingine, anayesimama miguu ya mbele ikiwa juu ya ukingo ili asikanyage ndani, anayeparura ukuta wa plastiki badala ya kufukua mchanga, au anayeruka nje mbio bila kufukia, anakwambia kwa lugha iliyo wazi kwamba tatizo lake liko chini ya nyayo. Mashine hajaikataa, maana amekwisha kuingia. Amekataa mchanga.

Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika, *Felis lybica*, ambaye huishi pia katika maeneo makame, na paka wengi hadi leo hupenda kitu laini, kinachofanana na mchanga wenyewe, kinachofukuliwa na kufukiwa bila kuchoma nyayo. Udongo wa bentonaiti unaoganda bila manukato ndio unaokubalika kwa wengi. Baadhi ya mashine za reki hutaka chembe za silika, ambazo ni kubwa na zina ncha, na paka aliyezoea udongo laini huziona kama changarawe. Manukato nayo yanampendeza anayenunua, si anayetumia. Ndani ya pipa lililofunikwa hujikusanya yakawa makali zaidi.

Ikiwa mashine yako inahitaji mchanga tofauti, badilisha mchanga kwanza kwenye choo cha zamani. Changanya robo ya mchanga mpya kwa siku mbili tatu, kisha nusu, kisha robo tatu, mpaka paka awe anatumia mchanga mpya mtupu katika choo anachokijua. Ndipo umwelekeze kwenye mashine. Kanuni ya kubadilisha jambo moja kwa wakati ina faida mbili: humpunguzia paka mzigo, na wewe ukijua umebadilisha nini jana, unajua leo amekataa nini. Watu wanaobadilisha choo, mchanga na mahali katika wiki moja hubaki wakikisia.

Angalia pia kina. Mchanga ukiwa haba, paka hufikia plastiki anapofukua, na mkojo hugandia chini. Sentimita 5 hadi 7 hutosha kwa vyoo vingi, lakini mashine nyingi zina mstari wa kujazia, nao ndio wa kufuatwa.

Alikuwa akiitumia vizuri, ghafla ameacha

Hili ndilo tatizo linalovunja watu moyo, na nitakaa nalo zaidi kwa kuwa mara nyingi lina sababu inayoweza kutajwa kwa saa na dakika. Nilikuwa na paka jike mwenye umri wa miaka tisa aliyeikubali mashine ya pipa ndani ya siku sita, nikafurahi, nikaiacha kwenye muda wake wa kiwandani wa dakika 3. Jioni moja alijisaidia, akatoka, lakini hakuondoka. Alikaa mlangoni pale pale akijilamba mguu wa nyuma, kisha akageuka kuinusa kazi yake kama alivyokuwa akifanya kila mara. Pipa likaanza kuzunguka sentimita chache mbele ya sharubu zake. Mota haikuwa na kelele, na mashine ilisimama yenyewe mara kihisi kilipomwona, kama ilivyotakiwa. Lakini yeye alikwisha kuwa chini ya kitanda, masikio ameyalaza, na kwa muda wa wiki tatu hakuingia tena katika chumba kile ila kwa kuambaa ukuta wa upande wa pili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwa paka ung'ongo huo ni mashine hata ikiwa imezimwa.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa la muda. Dakika 3 humtosha paka anayetoka na kwenda zake. Hazimtoshi anayekawia, wala anayekojoa kwanza, akatoka, kisha akarudi baada ya dakika chache kunya. Mashine nyingi huruhusu kusogeza muda huo hadi dakika 15 au hata 30. Chagua mrefu kabisa, na usiupunguze mpaka ujue tabia ya paka wako.

Kwa paka aliyekwisha kushtuka, anza upya kana kwamba mashine imefika leo. Ichomoe, irudishe kando ya choo cha kawaida, na mpe siku za kuinusa bila kuisikia. Kisha iendeshe kwa mkono, kwa kubonyeza kitufe, wakati paka anakula katika chumba kingine mlango ukiwa umefungwa. Baada ya siku kadhaa mlango uwe wazi. Baadaye asogee karibu kwa hiari yake huku ukimpa kipande cha chakula anachokipenda kuliko vyote, na chakula hicho asikipate wakati mwingine wowote. Kinatoka pipa likianza kuzunguka na kinakoma pipa likisimama. Akiacha kula, au akikodoa macho kuelekea mashine na mkia ameushusha, umemsogeza karibu mno. Rudi hatua moja nyuma. Mimi ilinichukua karibu mwezi mzima, na hatua iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ile ya mita mbili za mwisho. Mfumo wa kujiendesha uwashe mwisho kabisa, na kwanza mchana tu, wakati upo nyumbani na unaweza kuona kinachotokea.

Iwapo hakuna mshtuko unaoukumbuka, kuna visababishi vitatu vya kukagua haraka. Droo huenda imejaa, kwa kuwa mashine nyingi husita kusafisha droo ikijaa, na paka akakuta choo kichafu kuliko kile cha zamani. Kuta za ndani huenda zimeshika mkojo uliokauka. Mashine huondoa mabonge lakini haijioshi, na inahitaji kumwagwa mchanga wote na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na harufu, kwa kawaida mara moja kwa mwezi. Au mtengenezaji wa mchanga amebadilisha mchanganyiko wake, jambo ambalo paka hulitambua mara anapoweka mguu.

Hujisaidia hapo hapo kando ya mashine, au mlangoni pake

Uchafu ulio sentimita chache kutoka chooni ni habari njema kuliko ulio chumba kingine, kwa maana paka amefika na alitaka kuingia. Kitu kidogo kimemzuia.

Kwa paka mkubwa, kitu hicho ni nafasi. Choo kizuri huwa na urefu wa mara moja na nusu ya urefu wa paka kutoka puani hadi kwenye shina la mkia, ili aweze kugeuka, kufukua na kuchuchumaa. Mapipa mengi ya duara hayafiki hapo. Paka anaingia, anageuka nusu, kichwa kiko ndani na makalio yako mlangoni, naye anaamini kabisa kwamba amekojoa ndani. Kumkaripia ni kumwonea. Tafuta mashine yenye mlango mpana na sakafu ndefu, au ukubali kwamba aina hiyo haimfai.

Kwa paka mzee, kitu hicho ni kimo. Ugonjwa wa viungo ni wa kawaida sana kwa paka wa umri mkubwa, na hauonekani kwa urahisi kwa sababu paka hachechemei kama mbwa. Huacha tu kuruka. Mlango ulio juu ya sakafu kwa sentimita 30 au zaidi humlazimu kuinua nyonga zenye maumivu. Ngazi pana yenye zulia lisiloteleza husaidia wengi, lakini iwekwe imara kiasi kwamba haitikisiki anapoikanyaga. Kwa mwenye maumivu makali, beseni pana lenye ukingo mfupi ni huruma kubwa kuliko mashine yoyote, na daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu. Usimpe dawa za binadamu kwa hali yoyote. Parasetamoli humuua paka.

Hukojoa ndani lakini haja kubwa huifanya kwingine

Kabla ya yote, hakikisha kinyesi si kigumu wala cha majimaji, kwa sababu iliyoelezwa mwanzoni kuhusu maumivu. Kama ni cha kawaida, kumbuka kwamba baadhi ya paka kwa maumbile yao hawapendi kufanya haja zote mbili mahali pamoja. Ongeza choo cha pili cha kawaida, na urefushe muda wa mashine kusubiri, na kwa wengi tatizo huishia hapo.

Mkojo uko ukutani, si sakafuni

Paka aliyesimama wima, mkia ukitetemeka, akatupa mkojo kidogo kwenye ukuta au pazia, hajakosa choo. Anaweka alama. Sababu zake ni kutohasiwa, paka wageni wanaoonekana dirishani, au ugomvi wa ndani ya nyumba, na hakuna choo kitakachoyatatua hayo.

Paka wawili au zaidi, mmoja tu ndiye anayetumia

Ushauri unaotolewa na madaktari wengi wa mifugo ni kuwa na vyoo vingi kuliko paka kwa kimoja: paka wawili, vyoo vitatu. Matangazo hudai kwamba mashine moja huwatosha paka kadhaa kwa kuwa huwa safi muda wote, lakini hoja ya kanuni hii haikuwa usafi peke yake. Mashine yenye mlango mmoja ni mahali pazuri mno pa kuviziana. Paka mwenye nguvu hana haja ya kupigana. Humtosha kulala kwenye korido akiwa ameuelekea mlango, na mnyonge hubana mkojo mpaka ashindwe. Keti uangalie kwa nusu saa bila simu mkononi, na utaona ni nani anayelala wapi. Dawa yake ni choo cha pili katika chumba kingine kabisa, kwa sababu vyoo viwili vilivyopangwa bega kwa bega, kwa paka anayeviziwa, ni choo kimoja.

Mashine inasimama katikati, haianzi, au inaacha uchafu

Hitilafu za mashine huwa tatizo la paka upesi, kwa hiyo zikaguliwe pamoja. Mashine inayopima uzito ikiwekwa juu ya zulia nene husoma vibaya na kudhani paka bado yupo ndani. Iweke juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Ikijazwa mchanga kupita mstari, hulemewa. Vihisi vya mwanga vikifunikwa na vumbi la mchanga huona kivuli kisichokuwepo, na kitambaa kikavu laini huvitosha. Mabonge yanayopasuka na kubaki yametapakaa mara nyingi hutokana na mchanga usioganda vizuri, au mashine kuanza kabla bonge halijakauka, hivyo kurefusha muda husaidia hapa pia. Chembe za mbao na karatasi zisizoganda hazifai kwa mashine nyingi za kuchekecha. Paka akiwa na kuhara, izime mashine mpaka apone, la sivyo reki itapaka uchafu kila mahali na paka atarudi kwenye sakafu iliyolowa harufu.

Usalama, ambao hauna mjadala

Mtoto wa paka ambaye bado ni mwepesi, mara nyingi chini ya kilo 1.5 au 2 kutegemea mashine, anaweza asihisiwe na mizani, na mashine ikaanza akiwa ndani. Mpaka afikie uzito uliotajwa na mtengenezaji, mashine iendeshwe kwa mkono tu, baada ya kuchungulia ndani.

Hata kwa paka wazima, jaribu mashine kabla ya kumkaribisha. Chukua chupa ya lita 2 iliyojaa maji, ambayo ina uzito wa takriban kilo 2, uiweke ndani, kisha uamuru mashine ianze, inapaswa kukataa. Iondoe, ianzishe tena, na ikiwa inazunguka ingiza taulo lililokunjwa kwenye uwazi, mikono yako ikiwa mbali. Inapaswa kusimama au kurudi nyuma papo hapo. Kuwa mwangalifu hasa na pipa ambalo uwazi wake, likizunguka, hupita kwenye ukingo usiosogea, kwa kuwa umbo hilo hukaza kama mkasi, na shingo ya paka ndiyo inayokuwa hapo. Mashine isiyosimama kwa taulo haitasimama kwa paka. Irudishe ulikoinunua.

Kwa upande wa watu, vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka na kinyesi cha paka mwenye maambukizi huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza, na ndiyo sababu choo cha kawaida hushauriwa kuchotwa kila siku. Droo ya mashine hukaa na kinyesi kwa siku kadhaa. Mjamzito, au mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika, asiimwage. Aifanye mwingine, kwa glavu, kisha anawe mikono.

Mahali palipokwisha kuchafuliwa

Paka huongozwa na pua, na harufu ya jana ni mwaliko wa leo. Tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya, ambayo huyavunja yaliyomo kwenye mkojo, uiache ilowe mpaka kwenye sponji la zulia, kisha ikauke yenyewe. Usitumie kitu chenye amonia, kwa kuwa kwa paka hunukia kama mkojo, wala usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo, kwa sababu viwili hivyo vikikutana hutoa mvuke wenye sumu.

Lini choo cha zamani kiondoke

Kisiondoke siku paka anapoitumia mashine kwa mara ya kwanza. Subiri mpaka haja zake zote, ndogo na kubwa, ziwe zinafanyika ndani ya mashine iliyowashwa kwa wiki mbili mfululizo. Kabla ya hapo, unaweza kumshawishi kwa kupunguza kuchota choo cha zamani, kila siku mbili badala ya kila siku, ili mashine ionekane safi zaidi. Lakini njia hii imfae paka aliyekwisha kuingia katika mashine kwa hiari yake, asitendewe anayeiogopa, maana huyo utamwachia machaguo mawili mabaya naye atachagua la tatu, yaani kitanda chako.

Wapo paka wachache ambao, baada ya miezi miwili ya hatua hizi zote kufuatwa kwa uaminifu, bado watachagua beseni lao. Paka wa aina hiyo apewe beseni lake. Na hata yule aliyeikubali mashine kikamilifu, choo chake cha zamani kioshe ukihifadhi pamoja na mfuko wa mchanga ule ule alioanza nao, kwa sababu iko siku umeme utakatika au mota itaharibika, na jioni hiyo atahitaji mahali pa kwenda kabla fundi hajafika.